Kofia ya Torben na Chupa ya Plamu

Kofia ya anayepata shahada ya udaktari hutengenezwa na wenzake, naye haruhusiwi kuiona mpaka amalize kutetea utafiti wake. Ndiyo desturi ya pale Chuo Kikuu cha Hallerstedt. Kwa hiyo Wiebke Harms alijifungia wiki nzima katika maabara ya sauti, akikata kadibodi nyeusi na kupaka gundi. Kila tawi la fizikia lilileta chake: watu wa mwanga kipande cha kioo kinachotawanya rangi, watu wa nyota, nyota walizokata kwenye karatasi za chokoleti, na watu wa sumaku wakaleta sumaku iliyokataa kutulia ilipobandikwa. Torben Ahlers, mwenye kofia, alikuwa mtu wa joto, basi Wiebke akambandikia birika dogo la bati.

"Nyinyi wa sauti kazi yenu kugonga vitu tu," Torben alizoea kumtania.

"Na nyinyi wa joto mnachemsha chai, mnaiita sayansi."

Miaka mingi walikula meza moja. Wiebke aliamini fizikia ni swali moja tu, vitu hufanya nini na kwa nini, na kwamba penye utamu ni pale matawi mawili yanapogusana. Ndiyo maana mbele ya kofia alining'iniza chupa ndogo ya jamu. Mama yake, kila msimu wa matunda ya plamu, humimina jamu ya moto kwenye chupa huku akizigonga kwa kijiko na kutega sikio. Chupa inayotaka kupasuka, mlio wake hushuka kwanza. Wiebke alilipima jambo hilo kwa muda mrefu, nalo ndilo lingempa udaktari wake mwakani. Hesabu za joto zilipomshinda, akampelekea Torben vipimo vyake vyote. Hakumwambia mtu mwingine.

Siku yenyewe ilipofika alikaa safu ya pili, kofia magotini, ameifunika taulo. Mbele yake alikaa Bi Ahlers, mama yake Torben, amevaa koti jipya la buluu. Torben alieleza joto la vyuma, vizuri, taratibu. Kisha akaonyesha picha ya mwisho ukutani: chupa, kijiko, na mstari wa mlio ukishuka. Ulikuwa mstari wa Wiebke. Hata kile kibonde kidogo cha siku lori lilipopita nje na meza ikatikisika, kilikuwepo.

Wiebke akangoja jina lake litajwe. Halikutajwa.

"Wazo zuri sana," alisema Profesa Brodersen, mkuu wa watahini. "Ulilipata wapi?"

"Jikoni, Profesa. Nilikuwa namtazama mama akipika jamu ya plamu."

Wiebke aliivuta taulo ikafunika kofia vizuri. Kazi, sawa, mtu anaweza kuiba kwa woga wa kushindwa. Lakini na jiko? Na mama wa watu?

Walimpitisha. Makofi yakapigwa, divai ikamiminwa, watu wakaanza kuita, "Wiebke! Kofia! Kofia!" Akasimama, akaondoa taulo. Torben aliyekuwa ameinamisha kichwa avishwe, akaiona chupa, uso ukamshuka.

"Bi Ahlers," Wiebke aliuliza bila kupaza sauti, "jamu yako ya plamu unaitia sukari kiasi gani?"

"Jamu? Mimi?" Bi Ahlers akacheka mpaka divai ikamwagika. "Binti yangu, sijapika jamu tangu nizaliwe! Huyu amekua akila ya dukani!"

Ukumbi mzima ukacheka. Brodersen alicheka nao, kisha akaacha. Aliitazama chupa, akamtazama Wiebke, akaweka glasi yake mezani.

"Hebu tuingie chumba cha watahini," alisema. "Nyote wawili."

"Ningekuambia," Torben alinong'ona mlangoni.

"Lini? Wiki nzima nimekaa nakutengenezea kofia."

Wiebke alifungua uzi, akaichomoa chupa, akaishika kwa mikono miwili. Kofia alimwachia Bi Ahlers, kwa kuwa yeye hakuwa na kosa. Sumaku ilidondoka sakafuni. Bi Ahlers akainama kuiokota, huku bado anacheka.