Tairi, Mwambie Mama

Tairi jipya lilishaingia kwenye ndege, zimebaki nati tu. Lile la zamani lilipasuka kwenye kokoto za uwanja wetu wa Ngara, na rubani Ferdinand alikuwa anaizunguka ndege yake ndogo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Ngassa, kaza tuondoke! Mawingu yanakuja."

Abiria wake alikuwa Mama Evarista wa Mugoma, mkwe wangu. Presha ya macho imeshamla jicho moja, na la pili linaelekea hukohuko. Daktari wa Mwanza alisema afike leo, kila siku inayopita inaondoka na kipande. Alikaa kwenye kigoda, kitenge kimefunika uso, amenipa mgongo. Mimi na mama mkwe hatutazamani wala hatusemezani uso kwa uso. Ni heshima.

Nikatoa toki renchi sandukuni. Ni spana yenye kipimo: nguvu ikifika pale kitabu cha ndege kinapotaka, inalia "ka!" nawe unaacha. Kibandiko kilionyesha imepimwa na muda haujaisha. Lakini mpini ulikuwa na mkwaruzo mpya, halafu ulinuka grisi ya lori.

"Shemeji, hicho chuma ni kiboko!" akadakia Matiasi, mdogo wa mke wangu, aliyemsindikiza mama yake. "Juzi nati za Fuso ziligoma pale Lusahunga. Nikachomeka bomba kwenye mpini, nikaning'inia. Zikaachia zote! Dada Teddy alinipa ulipokuwa safari."

Teddy angemnyimaje mdogo wake?

"Kibandiko si kinasema nzima?" Ferdinand akauliza.

"Kibandiko hakikumwona Matiasi akibembea. Kipimo chake sikiamini tena."

"Basi kaza kwa mkono. Una uzoefu, bwana!"

"Mkono wangu nao haujapimwa, na kitabu hakiutaji. Spana nyingine inakuja kesho na basi."

"Kesho?" Sauti ilitoka chini ya kitenge.

Ferdinand akaangalia viatu vyake. Matiasi akaangalia mbuzi. Nikainama kwenye gurudumu.

"Tairi, mwambie mama leo ndege hairuki."

"Tairi," kitenge kikajibu, "muulize mkwe wangu, jicho langu lina spea?"

"Mwambie halina. Na gurudumu likichomoka wakati wa kutua, sisi wote hatuna spea."

Kitenge kikageukia upande wa pili.

"Matiasi," akasema. "Hilo Fuso ulilikaza na nini?"

Meno ya Matiasi yakapotea. "Na... hiyohiyo, mama."

"Mpigie dereva. Sasa hivi."

Nikaazima landkruza ya parokia. Wakaondoka mama na Matiasi kwenda Mwanza, njia ya Lusahunga, vumbi nyuma. Ile renchi nikaifunga kitambaa chekundu, isishikwe mpaka irudi kupimwa.

Halafu anga likatakata. Hata kiwingu cha kunitetea hakikuja. Ferdinand hakunisemesha. Nilifuta spana safi, nikazifuta tena, nikatoa simu, nikairudisha mfukoni.

Jua linazama ndipo ikalia.

"Tumefika," alisema Matiasi. "Ameingizwa ndani moja kwa moja. La jicho bado hawajasema."

"Na yeye anasemaje?"

"Anasema tairi lisiguswe mpaka spana ije. Atarudi na ndege hiyohiyo, na atakaa upande wa hilo tairi."