Folda ya Romano

Daktari wa masikio alikuwa kijana, na kijana hajui kuzungusha maneno. Alimulika sikio la kushoto la Mzee Lako. Akamulika la kulia. Kisha akapaza sauti kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto: la kushoto limekufa zamani, la kulia linafuata, dawa hakuna. Pengine miezi miwili.

"Kama iko kitu unapenda kusikia, mzee, sikia sasa."

Wengine wakipewa habari ya namna hiyo hufikiria sauti za watoto wao, au mvua kwenye bati, au zaburi. Lako alifikiria kantri, zile nyimbo za Kimarekani za farasi na gitaa. Msimcheke. Alikaa ukimbizini Adjumani, huko Uganda, miaka kumi na minane, na huko ndiko alikojifunza gitaa, gitaa la nyuzi nne ambazo mbili zilikuwa waya wa breki ya baiskeli. Jumapili baada ya ibada redio ilipiga kantri mpaka betri zinachoka, na wazee ambao hawajawahi kupanda hata punda walifuta machozi kwa ajili ya farasi wa watu. Jim Reeves walimhesabu karibu kuwa muumini wa kanisa lao. Don Williams aliingia kila kibanda bila hodi.

Lakini hao Lako alikuwa nao kichwani. Sikio likifa, wao watabaki humo humo. Alichotaka ni wale ambao hajawasikia bado, wapiga gitaa wa kweli waliompita bila yeye kujua, na alitaka kuwajaza ndani kabla mlango haujafungwa. Hakuwa na haja nyingine. Basi akapanda boda kutoka mtaa wake wa Gudele, hapo Juba, mpaka mtaa wa Munuki, kwa Kizza.

Kizza ni Mganda mnene, mwenye meza moja, kompyuta moja na sola juu ya paa, karibu na kituo cha boda. Kazi yake ni kujazia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi.

"Mzee Lako! Leo nikupe injili?"

"Kantri. Lakini ile mimi sijasikia. Na gitaa iwe gitaa kweli, si mapambo."

"Kantri iko elfu mbili hapa. Utasikiliza mpaka masikio yaanguke."

"Yameshaanza kuanguka," akasema Lako, akavaa hedfoni.

Akaja siku hiyo, akaja ya pili, akaja wiki nzima. Alikuta sauti nzuri ambazo nyuma yake gitaa limelala usingizi. Alikuta wengine wanapiga mbio kama wamekimbizwa na nyuki. Alikuta mwanamke mmoja mwenye mkono mzuri sana, akamweka pembeni. Siku ya nane, ndani ya folda iliyoandikwa Romano, faili ya kumi na nne, akakuta alichokuwa akikitafuta.

Dole gumba lilikuwa linatembea peke yake chini, pole pole, kama mtu mzima anayerudi nyumbani na hana deni na mtu. Juu yake vidole viwili vilikuwa vinasimulia habari nyingine kabisa. Na katikati, palipotakiwa kupigwa uzi, jamaa hakupiga. Aliacha nafasi. Lako alipiga gitaa kanisani miaka arobaini bila kujua kwamba nafasi nayo inapigwa. Alirudia wimbo ule mara kumi na moja.

"Huyu nani?" akauliza.

Kizza alikuwa ameinama anachomeka waya. "Si imeandikwa hapo? Romano."

Kwa hiyo Lako akamtafuta Romano. Alikwenda soko la Konyokonyo, akaenda la Custom, akazunguka kila meza yenye kompyuta na spika. Kote alisema: nataka nyimbo za Romano, Mmarekani mmoja, mkono wake wa kulia una watu wawili ndani. Walimpa Waitaliano. Walimpa padri mmoja aliyeimba kwa Kilatini. Karibu wiki tatu zikaenda hivyo, na wiki zile sikio nalo halikukaa bure. Asubuhi moja alipiga uzi mwembamba wa gitaa lake, asisikie kitu. Akadhani umekatika. Akaugusa, upo, unatetemeka chini ya kidole kama mjusi aliyeshikwa.

Alirudi kwa Kizza amechoka. "Huyo Romano wako hajulikani Juba nzima."

"Hajulikani vipi? Yuko hapo Hai Amarat, anaendesha gari ya shirika."

"Mmarekani?"

Kizza akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika meza. "Ya mzee! Romano ni dereva! Ni yeye alileta hizo nyimbo, ndiyo folda inaitwa Romano. Maduka yote iko hivyo. Mtu anakuja anasema, nipe zile za Majur, nampa za Majur. Nipe za Natalina, nampa. Nani anauliza aliyeimba?"

"Mimi nimeuliza."

Kizza akaacha kucheka. "Malesh, mzee," akaomba radhi. "Kweli uliuliza."

Siku ile ile wakamkuta Romano akiosha Land Cruiser nyuma ya ofisi, suruali amekunja mpaka magoti. Mtu wa miaka arobaini na kitu, amekulia Kitale, Kiswahili chake cha Kenya kimenyooka. Aliposikia wimbo kutoka simu ya Kizza alitupa kitambaa kwenye ndoo.

"Wacha! Hiyo nilirekodi mwenyewe, redio, Jumapili, nikiwa kidato cha pili. Kaseti kumi na mbili! Baadaye nikaziweka kwa kompyuta, moja moja."

"Jina lake nani?" Lako alikuwa amegeuza sikio la kulia, karibu aliweke mdomoni mwa Romano.

"Hapo sasa." Romano alijikuna shingo. "Mtangazaji alikuwa anaongea sana, mzee wangu. Wimbo unaanza, yeye anaongea. Unaisha, anaongea, kama mlevi matangani. Nilikaa likizo nzima kwa kompyuta nikimkata. Sikiliza, hata kupumua kwake hutasikia. Safi!"

"Na jina, alikuwa analitaja?"

"Kila wimbo," akasema Romano, na uso wake ukaanza kushuka. "Alikuwa hawezi kuacha kutaja."

Wakasimama watatu, maji yanachuruzika chini ya gari. Romano akatoa simu yake, ile ya kisasa inayosikiliza wimbo ikakwambia ni wa nani. Ikasikiliza. Ikazunguka. Ikasema haijapata kitu. Wakajaribu tena, na tena. Ndipo Romano akakumbuka kwamba redio yake ya zamani ilikuwa inavuta kaseti mbio kidogo, kwa hiyo wimbo wenyewe umepanda sauti na mwendo, si ule uliotoka Marekani. Mashine ilikuwa inatafuta mtu asiyekuwepo.

"Kaseti zenyewe ziko wapi?"

"Kitale, kwa dada yangu Akur. Kwenye sanduku, kama panya hawajazitangulia."

Wakampigia Akur, azisikilize kaseti na kuwarekodia maneno ya mtangazaji. Akur alikuwa shambani, mahindi yanamngoja, na redio ya kaseti hana. Itabidi aazime kwa jirani ambaye hawaongei tangu Krismasi. Akasema sawa. Ilikuwa ile sawa ya mtu mwenye shughuli zake.

Tangu hapo Lako hakuwa na la kufanya ila kungoja. Kila siku alikwenda kwa Kizza, akavaa hedfoni, akapandisha sauti. Kwanza vile vidole viwili vya juu vikaondoka. Likabaki dole gumba, linatembea peke yake. Halafu nalo likawa kama hatua za mtu kwenye nyumba ya pili. Mteja aliyetania kwamba sikio la kufa halisikii dawa, Kizza alimfukuza na flashi yake tupu.

Alhamisi moja mchana Romano akaja na gari, akaliacha katikati ya njia, mlango wazi.

"Akur ametuma!" Akaweka simu mezani, akabonyeza.

Lako aliinamisha kichwa. Akasubiri. Akaona waendesha boda wote kituoni wamegeuka kutazama, mmoja ameziba masikio.

"Ongeza," akasema.

Romano akamwonyesha kwa kidole kile kimstari cha sauti kwenye simu. Kilikuwa kimejaa mpaka mwisho.

Romano akachukua kipande cha boksi, akaandika jina kwa herufi kubwa, akampa. ORVEL TADLOCK. Lako alilisoma polepole, kwa vituo, kama alivyosoma kila kitu maishani mwake. Akalisoma tena. Akakikunja kile kipande, akakitia mfuko wa shati, akaupiga mfuko kidogo.

"Tafuta," akamwambia Kizza.

Mtandao siku hiyo ulikuwa na huruma. Zilipatikana nyimbo ishirini na sita. Kizza akafungua folda mpya, na mikono yake kwa mazoea ya miaka ikaandika: Lako. Akauweka wa kwanza. Yeye na Romano wakasikiliza, na Lako akawasikiliza nyuso zao. Aliona nyusi za Romano zimepanda. Aliona mdomo wa Kizza umefunguka, na Kizza ni mtu aliyejaza flashi za watu miaka kumi bila kusikiliza wimbo hata mmoja mpaka mwisho.

"Vipi?" akauliza Lako.

Kizza akainua dole gumba. Mzuri.

"Mzuri namna gani?"

Kizza akamtazama Romano. Romano akatazama kompyuta. Wimbo wa pili ulikuwa umeanza.

"Namna gani?" Sauti ya Lako ilikuwa kubwa sasa, hakuweza kuipima, kituo kizima kiliisikia. "Nafasi anaiacha wapi? Niambieni!"

Lako akaushika mkono wa Kizza, akaulaza juu ya kiganja chake mwenyewe, akamwonyesha kwa kidole: piga hapa. Fuata dole gumba la huyo Tadlock. Kizza akafumba macho. Akaanza kupiga, kidole kinene, jasho linamtoka kama mtu anayebeba gunia. Piga, piga, akachelewa, akapiga mara mbili, akakimbia kuufukuza wimbo, akaupita.

Si hivyo. Lako alijua tangu pigo la tatu kwamba si hivyo. Hakuna mtu mwenye mkono ule anayepiga hivyo. Akatikisa kichwa.

"Anza tena," akasema.

Kizza akarudisha wimbo mwanzo, akaanza tena, akakosea pale pale.