Mama Kabedi, 2006 – 2023

Shida ya mume wa binti yako ni kwamba huwezi kumtukana. Stany angekuwa mtoto wa tumbo lake, Mama Kabedi angemvuta sikio mpaka lirefuke. Lakini Stany alimuoa Mado, binti yake, na kwao Wakasai mama mkwe hamkaripii mume wa binti, hamtazami machoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Anamwambia binti, binti anapeleka, hata kama wote watatu wamebanana chumba kimoja.

Na asubuhi ile walikuwa wamebanana kweli, katikati ya masufuria yaliyofungwa tayari kwa safari. Nje ukutani palikuwa na msalaba mwekundu. Kampuni ya mgodi ilitaka shaba iliyolala chini ya mtaa wao wa Kolwezi, na kila nyumba yenye msalaba ilikuwa inaangushwa. Majirani walikwisha kutawanyika, huyu kaenda Kasaji, yule Manika kwa shemeji yake. Kesho ilikuwa zamu ya Mama Kabedi. Kiwanja kipya alikipata mbali, barabara ya Mutshatsha, mahali ambapo hapiti mtu mwenye kiu. Na yeye anauza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho wachimbaji walikuwa wakikinywa mlangoni pake kila wakitoka kazini. Wateja wasipomfuata kule, basi, kazi imekwisha.

Ndiyo sababu alimkubali Stany na simu yake. Stany alikuwa ametoka Lubumbashi kwenye mafunzo ya kuuza bidhaa mtandaoni, na tangu arudi hakuna aliyepumua nyumbani. Munkoyo lazima uwe na jina lake, alisema, na uso wake. Mado, mwambie Mama ashike kikombe hivi. Mado, mwambie Mama acheke kidogo. Mama alicheka mpaka mashavu yakauma, munkoyo ukapata joto, na ukurasa wa Facebook ukapata wafuasi wachache tu, nusu yao ndugu zake Stany.

Jana Stany aliweka tangazo la kuhama. Alichagua picha nzuri ya Mama Kabedi, akaiondoa rangi zote ili ipendeze. Chini akaandika: Mama Kabedi, 2006 – 2023. Asante kwa yote. Tutaonana kule.

Jamani! Nani Kolwezi asiyejua maana ya picha isiyo na rangi, tena yenye miaka miwili chini yake? Stany alihesabu miaka ya kazi katika nyumba ile. Watu hawakuhesabu chochote, walilia tu. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza vipi mama mwenye binti aliyeolewa awe amezaliwa juzi.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Rahima, aliyekuwa akimuuzia sukari. Aliingia uani analia kwa sauti, akamkuta marehemu ameshika ndoo, akarudi mbio mpaka mlangoni. Hajatulia sawasawa, pikipiki zikaanza kumwaga watu: majirani wa zamani, wachimbaji, wamama wa kwaya na viti vyao vya matanga. Kila mmoja ilibidi ashikwe mkono, aguswe, aelezwe upya. Mama Kabedi alieleza mpaka koo likakauka.

"Mado, ambia bwana yako mi niko muzima."

Mado akageuka. "Mama anasema iko muzima."

"Ninamuona," Stany akajibu, macho chini, kidole tayari juu ya simu. Akamwomba Mado amuulize Mama kama afute tangazo.

Mama Kabedi alifungua mdomo aseme futa, tena upesi. Lakini pale uani watu walikuwa wamekwisha kukaa. Hakuna aliyeondoka. Mchimbaji mmoja alikuwa anaonyesha kwa mkono mahali alipokuwa akiegemea baiskeli yake. Mama Rahima alikuwa anauliza kiwanja kipya kiko upande gani wa reli, na wengine wawili walisogea wasikie jibu. Wamama wa kwaya walikuwa wameshikana mikono na majirani ambao hawajaonana nao tangu nyumba zao zivunjwe. Wote walikuwa wameelekea ule ukuta wenye msalaba, na kilio chao hakikuwa kimekwisha, ingawa marehemu alikuwa amesimama mbele yao na ndoo ya munkoyo.

Akakumbuka mwaka tisini na tatu. Alikuwa msichana pale wenyeji walipowafukuza Kolwezi, wao na Wakasai wenzao, kwa sababu ya asili yao tu, wakalala stesheni juu ya magodoro yao kungoja treni. Nyumba ya baba ilibaki nyuma na sufuria jikoni. Hakuna aliyeketi kuililia.

Alitua ndoo. Akampita Mado, akasimama mbele ya mkwe wake, akamtazama machoni. Mado alishika mdomo.

"Stany," alisema. "Usifute. Toa picha yangu tu, weka ya nyumba. Ile ya baba haikubakia na picha."

Stany hakujua aangalie wapi. Alitoka uani, akarudi nyuma mpaka barabarani ili ukuta wote uingie kwenye picha, msalaba na mlango. Safari hii hakumwambia mtu acheke. Mama Kabedi aliomba vikombe, akaanza kuwagawia munkoyo waombolezaji, akimwelekeza kila mmoja barabara ya Mutshatsha.