Vema Zilizolala Upande Mmoja

…lakini alama ya vema ipo, tena ya wazi, mkia wake umepanda hadi kwenye mstari wa juu, "Dawa ya mtoto", vema, na mtu haweki vema bila sababu, vema huwekwa kitu kikishaisha, hilo alilijua tangu alipokuwa akimpelekea mwalimu daftari la hesabu na kurudi nalo kifuani ili wenzake wasimwone akitabasamu, kwa hiyo amempa, amempa mtoto dawa, jibu ni ndiyo na kilichobaki ni kulitamka tu, neno lenyewe fupi, lakini amesimama mbele ya ukuta wa jikoni, kijiko mkononi, anaisoma upya karatasi aliyoibandika pale, na kule sebuleni mama mkwe anauliza tena, "Mwanangu, huyu umempa dawa yake au bado?", naye anajibu, "Nakuja, Mama," jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza… Kijiko kimelowa, je, huo si ushahidi, kingelowaje kama hakikutumika, ila yeye huosha kila kijiko anachokiona, hata kisafi, mikono yake ikikosa kazi huosha, mumewe alimwambia kabla hajarudi huko mbali kwenye kazi yake, "Nikikaa hapa jikoni sana utaniosha na mimi uniweke kabatini," wakacheka mpaka mtoto akaamka… Afikirie taratibu, haraka haina baraka. Aliamka, akachemsha maziwa, mtoto akanywa, akatema kidogo, akamfuta mdomo, sasa alimfuta maziwa au alimfuta dawa? Anaiona chupa ya kahawia, anamwona mtoto akikunja uso na kubana ufizi, anauona mkono wake mwenyewe ukimshika mashavu, lakini hiyo ni asubuhi ipi, ya leo au ya jana, maana kila asubuhi ina chupa ile ile na uso ule ule uliokunjwa, asubuhi zimepangana kama sahani, ukivuta moja hujui umevuta ya lini…

"Au nimpe mimi?" sauti ya mama mkwe haina ubaya wowote, na hilo ndilo linalotisha. "Chupa ninayo hapa."

Usiruke, usizidishe. Nesi alisema hivyo kwenye dirisha la dawa, siku chache baada ya ile degedege, mtoto alipokakamaa mikononi mwake, macho yakapanda juu yakabaki meupe, midomo ikageuka rangi, naye akakimbia barabarani na kandambili moja, hakuhisi kokoto wala jua, alihisi tu ule mwili mdogo ukigonga kifuani kwake kama mtu anayebisha hodi mahali ambapo hafunguliwi… Usiruke, itarudi, na usizidishe, hii si maji, itamlaza usingizi ambao hutaupenda, asubuhi na jioni, umeelewa, mama? Akasema ameelewa. Una swali? Akasema hana. Alikuwa nalo, lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, na nikiwa sijui kama nimempa, nifanyeje, lakini nyuma yake foleni ilimpumulia kisogoni na mtu mmoja alishaanza kuguna, akalimeza swali lake akaondoka nalo, na sasa ndilo hili, limekuja kumtafuta hadi nyumbani… Ndipo alipoanza kuandika. Wazo alilitoa kazini, kwenye chumba cha kushonea sare, pale meza ya mwisho palipobandikwa karatasi, kola, vifungo, pindo, mifuko, msimamizi anashika shati, anatazama, anaweka vema, shati linaondoka, hakuna kelele, hakuna nani alisahau nini, akasema moyoni, laiti na nyumba yangu ingekuwa hivi, akaziandika kazi zake za nyumbani kwa mwandiko wake mzuri, akabandika ukutani kwa gundi ya karatasi, akafunga kalamu kwa uzi wa cherehani, na kweli ilimsaidia, asiseme haikumsaidia, siku ziliacha kumponyoka mikononi, alitoka nyumbani kifua kikiwa chepesi, hata alizipenda zile vema, akazipenda kupita kiasi, mara nyingine amekwisha kufagia ndipo anaandika "kufagia", apate tu kuiwekea alama… Mama mkwe alipoiona aliisoma yote, kisha akasema, "Ongeza na kupumua, mwanangu, usije ukasahau ukatuachia msiba," na mwingine angecheka, yeye aliona haya, akasema kwa sauti ndogo, mali bila daftari hupotea bila habari, Mama, na mama mkwe akaipa karatasi kisogo. "Mtoto si mali. Sisi tumewalea watoto wote wale na hakuna tuliyemsahau jikoni." Tangu hapo hawakulizungumza tena, lakini kila mama mkwe akiingia kuchota maji, macho yake hupita kwanza ukutani, na yeye huhakikisha kuwa anachokiona kimejaa vema, asubuhi yote vema, asije akapata pa kusemea…

Azitazame tena. Maziwa, chakula cha kazini, dawa ya mtoto, kuanika nguo. Vema nne, na zote zimelala upande mmoja, kama majani yaliyopigwa na upepo mmoja, wino ule ule mzito, mkono ule ule wa haraka… Kalamu hii haiandiki mpaka uisugue kwanza pembeni ya karatasi, isugue, isugue, na ikikubali kutoa wino unaona ni hasara kuiacha, unaweka vema kwa ulichofanya na kwa unachokwenda kufanya, maana si utakifanya sasa hivi, si uongo, ni haraka tu… Kuanika nguo, vema. Na ndoo ya nguo iko hapo, karibu na mguu wake wa kushoto, nguo zimekamuliwa zikajisokota kama kamba, hakuna hata moja iliyofika uani, soksi ya mtoto inaning'inia ukingoni ikidondosha maji. Kama ile ya nne haina ukweli, ya tatu nayo nani anaijua, imetoka kwenye mkono ule ule, kwa pumzi ile ile, huenda ndiyo, huenda siyo, karatasi haijui, karatasi inajua alichoiambia tu… Aseme ndiyo, basi. Akisema ndiyo na kumbe hakumpa, mchana yeye atakuwa kwenye cherehani, pindo baada ya pindo, na huku mwili mdogo utakakamaa mapajani mwa mama mkwe. Akisema bado na kumbe amempa, kijiko juu ya kijiko, usingizi ule. Hakuna jibu zuri, kuna jibu moja tu la kweli, na hilo halina mahali pa kuwekewa vema, na litasikika sebuleni na katika simu kwa mawifi, mama gani huyo, ameandika mpaka amejisahau… mficha maradhi… hapana, asiimalizie methali hiyo, anajua neno linalofuata, asiliache lije leo, si katika nyumba hii, si asubuhi hii… Kwani amekuwa akiandika kwa ajili ya nani? Mtoto hasomi. Mtoto hajui vema wala kosa, anajua amekunywa au hajanywa, na yeye muda wote huu alikuwa mwanafunzi na mwalimu, anajisahihishia mwenyewe, anajipa alama zote…

"Haya, kimya chako nimekielewa," anasema mama mkwe. "Bado. Njoo basi na kijiko." Mfuniko unasikika ukikwaruza shingo ya chupa, mtoto anacheka, labda amechezewa kidevu.

"Usimpe, Mama!"

Imetoka kubwa mno, hakujua ana sauti kubwa hivyo, mpaka mtoto amenyamaza.

"Kwa hiyo umempa."

"Sijui," anasema, na anangoja nyumba imwangukie, haimwangukii, amesimama palepale, kijiko mkononi, maji ya soksi yanadondoka, ukuta ni ule ule na karatasi ni ile ile. "Sijui, Mama. Nimeweka vema, lakini sikumbuki kumpa. Tusimpe mpaka tuulize."

Kicheko hakiji. Mfuniko unasikika ukirudi, taratibu, mpaka mwisho.

"Mpigie nesi sasa hivi, kabla hujatoka," mama mkwe anasema, na sauti yake imeshuka, si ya mtu anayepita akisoma ukuta. "Na umwambie hata ile ya jana jioni hatuna hakika nayo. Uliponiuliza kama nimempa nilikujibu ndiyo tu, mwanangu, usije ukaniandika ukutani."