Ndara Mlangoni kwa Mwajabu

Nimeshiba wali na maharage, feni inazunguka kivivu, nami najilaza kwenye kochi nikisema nafumba macho dakika tano tu, kisha naamka niende kwa Mwajabu. Kesho ni arobaini ya mama yake, Bi Siwema, na mimi, shoga yake tangu tukicheza kombolela, sijatia mguu pale kuhani. Nyumba nne tu toka kwangu, jamani! Siku ya msiba habari ilinifikia kwenye kundi la mtaa, nikatuma picha ya mshumaa, pole sana shoga, Mungu akutie nguvu, na vikatuni vitatu vinavyolia, watu wakaitikia amina, nikajihisi nimeshakwenda na kurudi. Wallahi nilijihisi hivyo. Hata chai ya msibani nilikuwa kama nimeinywa. Wiki iliyofuata nikakutana na Mwajabu gengeni, akaniambia, hujambo, mama. Mama! Mimi Tatu, ambaye baba yangu alipofariki yeye alilala sakafuni kwangu siku saba, akinilisha kwa mkono wake. Aibu ile ndiyo iliyonifanya nimwambie mume wangu Shomari kwamba mwezi mzima intaneti basi, simu ni ya kupiga na kupokea, bando sinunui. Leo ni siku ya ishirini na tisa. Kila mtu ananisifu, na kwa Mwajabu bado sijakwenda, kwa sababu naona haya, na kadiri siku zinavyopita haya inazidi.

Feni inapunguza mwendo, inasimama, lakini upepo hausimami. Nanyoosha miguu kutafuta ndara zangu za bluu, ile ya kulia mkanda wake nimeushona kwa uzi mwekundu, nazivaa, na kumbe chini ya kochi kuna barabara. Naingia. Sipigi hatua, barabara yenyewe ndiyo inayopanda, inapanda, inakuja na nyumba, inaondoka na nyumba, harusi inapita, watu wanagombana wanapita, mtoto wa mtu nisiyemjua anakata keki, paka anaoga, harusi tena, nami nasema ngoja nione hii moja tu halafu nirudi, na ile moja inazaa nyingine. Haichoshi, ndiyo shida yake. Pembeni yangu kuna mwanamke amebeba mkeka uliokunjwa kichwani, namgeukia nimsalimie, loo, hana uso, ni laini tu kama sahani iliyooshwa. Siogopi. Shikamoo, namwambia, maana umri wa mtu asiye na uso utaujuaje? Marahaba, anajibu, unakwenda wapi? Kwa Mwajabu. Kwa njia hii? Ndiyo inayonipeleka. Mh, anasema, inakupeleka, lakini umeshaona inamfikisha mtu? Namuuliza, na wewe mbona huna uso? Ananijibu taratibu, hujaniangalia.

Tunaingia mji wa vioo. Kila ukuta ni kioo, kila mlango ni kioo, na ndani ya kila kioo nipo mimi, nimejifunga kanga, nimeshika mshumaa usiodondosha nta, nasema pole sana shoga, pole sana shoga, mamia ya Tatu, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini. Nageuka kushoto, mji unageuka nami. Narudi nyuma, nyuma nako ni mbele. Nina siku ishirini na tisa bila intaneti, najitetea, maana naona yule asiye na uso amenyamaza kwa namna ya kunisema. Hongera, anasema, umejizuia. Nimejizuia. Na kwa Mwajabu? Sijakwenda. Kumbe nako umejizuia, anasema, na maneno yale yananichoma, kwa kuwa ni kweli, mwezi wote nimekuwa nikijificha nyuma ya sifa zangu. Nataka kulia lakini Tatu wa kwenye vioo wananitazama.

Kitendawili, anasema. Tega, nasema. Nimekwenda kuhani, ndara zangu hazina habari. Nasema kivuli. Sicho. Nasema moshi, nasema upepo. Anatikisa kichwa, mkeka haudondoki. Haya, nimeshindwa, nakupa mji, namwambia, kama tulivyokuwa tukifanya utotoni, ukishindwa unatoa mji ndipo upewe jibu. Nakupa Tanga yote. Siitaki. Nakupa Korogwe, nakupa Lushoto na baridi yake. Miji umeipita mingi leo, anasema, nipe nyumba. Nyumba ipi? Unayoijua. Basi nasema kwa sauti ndogo, nakupa nyumba ya Mwajabu, na vioo vyote vinazimika, inabaki nyumba moja ya bati lenye kutu, na pazia la maua mlangoni. Sasa nipe jibu, nasema. Jibu ni wewe, ananiambia, vua ndara.

Navua. Sakafu ya saruji ni ya baridi, na kwa mara ya kwanza tangu nianze safari nahisi nyayo zangu. Nabisha hodi, sauti haitoki. Nabisha ya pili, inatoka nusu. Hatubishi zaidi ya tatu, ukikosa jibu unarudi ulikotoka, na mimi kurudi kule sitaki. Hodi! Hakuna anayejibu, ila yule mwenzangu anapita mbele yangu, anatandika mkeka, anakaa. Nakaa karibu naye, goti kwa goti. Sina cha kutuma, sina cha kubonyeza, namtazama tu, namtazama sana, na uso unaanza kuja, kwanza nyusi, kisha kovu la utotoni kidevuni, kisha macho yaliyovimba kwa kulia. Ni Mwajabu. Anafungua mdomo aniambie neno.

Tatu, ananiita Shomari, Tatu, alasiri hii. Feni inazunguka. Nipo kwenye kochi. Naingiza miguu chini nitafute ndara, hazipo. Shomari anainama, anaangalia hadi jikoni, anasema hajaziona. Basi natoka peku, mchanga wa moto, nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, majirani wananishangaa, acha washangae. Pale mlangoni kwa Mwajabu, mbele ya pazia la maua, ndara zangu za bluu zimepangwa vizuri, uzi mwekundu unaonekana.

Nasimama. Sijui ni wapi nimelala na ni wapi nimeamka. Kama hii nayo ni ndoto, nikiamka nitakuja tena.

Hodi, nasema.

Sauti yake inatoka ndani, imekauka kwa kulia. Ingia, shoga. Mbona ulitoka bila kuaga?