Alikozaliwa Mzee Ikwap

Wiki nzima Winfred alikuwa akimnoa nyanyake. "Nyanya, wakikuuliza, sema Kenya tu. Usiongeze chumvi." Bila kitambulisho, kazi aliyoahidiwa kwenye ofisi ya kupitisha mizigo mjini Busia ingepewa mwingine Jumatatu. Na vijana wa mpakani wanajua: kitambulisho hupati mpaka wazee wa kamati wauchambue ukoo wako hadi mifupa.

Kamati ilikaa uani kwa chifu, kwenye viti vya plastiki. Mwenyekiti alikuwa Mzee Emoit, mtu mwenye sauti ya kuhukumu hata akiagiza chai. Kando yake Mwalimu Phanuel, mstaafu, alikuwa akisinzia bila haya.

"Mama Agwang," Emoit alianza, "wewe ulitoka Tororo, kule Uganda."

"Rubongi," nyanya akamsahihisha. "Nakuja kuolewa. Hiyo si siri."

"Sawa. Na baba mkwe wako, Ikwap, alizaliwa wapi?"

"Uganda."

Winfred alitamani ardhi ipasuke immeze. Emoit akaweka kalamu chini taratibu, uso umemng'aa kama aliyenasa kambale mkubwa. "Binti, umesikia mwenyewe. Faili tunafunga."

"Wewe Emoit, ngoja kwanza! Mimi mama wa kanisa, nadanganya namna gani? Mzee mwenyewe aliniambia. Anazaliwa Uganda, pale bomani kwake, anazikwa Kenya, pale pale. Hajahama hata hatua moja."

"Huyu mama amechanganyikiwa," Emoit akasema.

Mwalimu Phanuel akafumbua macho. Tangu astaafu hakuna aliyemuuliza historia, na sasa ilimbubujika kwa furaha. Mwingereza, alisema, alikimbiza reli hadi ziwani ili Mjerumani asimtangulie. Akaiita reli ya Uganda. Lakini njia moja ikawa na serikali mbili, na mabwana wawili hawapatani. Basi mwaka 1902 wakaukata upande wa mashariki wa Uganda, kutoka huku hadi karibu na Naivasha, wakaubandika upande wa pili, ambao leo ni Kenya, ili reli yote ishikwe na mkono mmoja.

"Na reli yenyewe haikupita hata hapa kwetu," mwalimu akamalizia kwa uchungu.

"Kwani huyo Ikwap alizaliwa lini?" Emoit akauliza.

"Kabla ya huo mwaka. Babu yako ndiye anamfundisha kuchunga ng'ombe," nyanya akamjibu. "Babu yako alikuwa mkubwa kuliko yeye."

Wazee wakatazamana, kila mmoja akihesabu kimoyomoyo mababu zake waliozaliwa kabla ya mwaka huo. Winfred alijaribu kujizuia asicheke, akashindwa.

Emoit akakohoa, akaokota kalamu. "Sasa mama, niandike nini?" Safari hii aliuliza kweli.

"Andika pahali alizaliwa."

Akaandika, akatia sahihi, akamsukumia Winfred fomu bila kumtazama. Winfred aliipokea, akaisoma papo hapo. Kwenye nafasi ya mahali alipozaliwa baba wa babu yake, mzee alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: HAPA HAPA.