Kufuli Bila Sahihi Tatu

Haraka haraka ina baraka. Sisi wa Buhene, mtaa ulio chini ya volkano, tunajua. Volkano ilipolipuka mwaka 2021, tulioacha milango wazi tukakimbia ndio tulio hai. Jirani yetu aliyerudi kufunga mlango, hatukupata cha kuzika.

Mwaka uliofuata nilikuwa natunza kompyuta za shirika letu: vituo kumi na vinne vya afya, vyote vikiongozwa na programu moja kwenye seva yetu hapa Goma. Programu ilikuwa kuukuu. Iliweza kuniambia kwamba kompyuta ya kituo cha Bunagana, mpakani na Uganda, imewaka, lakini si kuifuta kutoka mbali. Toleo jipya liliweza. Nilikuwa nalo tangu Januari, nimeshalijaribu kwenye mashine tatu.

Kilichokosekana ni sahihi. Kwa Papa Barthélemy, mkurugenzi wetu, hakiguswi kitu bila barua yenye sahihi tatu na muhuri. Mbili nilizipata. Mwenye ya tatu, Muzee Ferdinand, alikuwa likizoni Kinshasa.

"Papa, vita inakaribia Bunagana."

"Serveur inatembea, ao haitembei? Kitu chenye kinatembea, usikiguse."

"Hata gari yenye inatembea inabadilishwaka mafuta, Papa."

"Weye na mudomo yako! Ngojea sahihi."

Nikangoja miezi mitano.

Asubuhi moja ya Juni, muuguzi wetu wa Bunagana, Mama Domitille, akapiga simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia risasi.

"Uwizeye, tunavuka Uganda. Ordinateur inabaki."

"Mama, beba hiyo kompyuta!"

"Niko na mutoto ku mugongo, mugonjwa ku mukono. Niibebe na meno?"

"Iko inawaka?"

"Inawaka, na réseau iko."

"Basi iache vile, mtandao usikatike. Kimbia, Mama."

Ndani ya mashine ile kulikuwa na majina ya wanawake mia mbili na kumi na mmoja waliobakwa na watu wenye bunduki, vijiji vyao, na waliyotuambia kwa siri kuhusu waliowatendea hayo. Wenye bunduki walikuwa njiani.

Nikaanza kusakinisha toleo jipya. Vituo vyote vikakatika kwa pamoja, simu zikalia kila meza. Papa Barthélemy akaja mbio.

"Zima! Nani alitia sahihi?"

Nikaiacha iendelee. Seva ikamaliza. Kompyuta ya Bunagana ikapokea toleo lake polepole, kama mtu anayemeza kwinini. Nikatuma amri ya kufuta. Saa tano na dakika arobaini ikajibu: imefutwa. Dakika sita baadaye Bunagana ikapotea kwenye skrini.

Vituo vinne vilikwama, na nikazunguka siku tatu kwa pikipiki kuvirekebisha. Niliporudi, nilikuta mezani demande d'explication, ile barua ya mkubwa inayokutaka ujieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane, la sivyo ufukuzwe.

"Andika tu unaomba pardon," alininong'oneza Philomène, katibu wa mkurugenzi. "Mustari moja. Sisi bote tuliandikaka, na anasahauka."

Najua. Ndiyo maana sahihi moja inangojwa miezi mitano bila mtu kuona aibu.

Basi haya ndiyo maelezo yangu, Papa Mkurugenzi. Nilisakinisha bila ruhusa yako. Kesho ikihitajika, nitafanya tena. Chini kuna sahihi moja, yangu.

Siombi radhi.